Mkeka Mtupu

Walimvua Tumpale vazi lake mbele ya watu wote, na aliyeona haya alikuwa yeye peke yake.

Karani wa jopo alichomeka ufunguo kwenye mashine, akaandika amri moja, na mazoea ya miaka kumi na sita yakafutika kwenye skrini. Rangi zikaondoka. Njia zake za mkato zikaondoka. Hata kile kijistari cha kijivu kilichokaa pembeni kushoto tangu siku yake ya kwanza kazini, ambacho siku zote alikichukulia kuwa pambo, kikaondoka. Yakabaki maandishi meupe kwenye weusi, na kishale kinachowaka na kuzima.

"Mkeka mtupu," karani akatangaza. "Haujavikwa chochote."

Bi Nsekela, mwenyekiti wa jopo, aliinama akatazama, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Alikuwa jaji kabla ya kustaafu na bado alizungumza kama anayesoma hukumu. "Umeridhika, Mama Lusekelo?"

"Nimeridhika kama kuku aliyenyonyolewa, Mheshimiwa," Tumpale akajibu.

Ukumbi ukacheka. Aliyecheka zaidi alikuwa Gwamaka, mwandishi mwenzake, aliyekaa kwenye meza ya pili akiwa ameegemea kiti kama mtu anayesubiri kinyozi. "Pole, dada. Ukisikia baridi nitakuazima koti langu."

"Koti lako lina mwenyewe. Nikilivaa nitaombwa nenosiri siku nikitaka kulivua."

Nje mvua ya Tukuyu ilikuwa ikinyesha kama ilivyonyesha jana na juzi. Ndani ya ukumbi wa Kituo cha Kongosho watu walikaa na makoti yao, wengi wao wazazi, wakisubiri kuona ni kihariri kipi kitachaguliwa. Mgeni angeshangaa. Kihariri ni chombo tu cha kuandikia msimbo, yale maagizo yanayoiambia mashine ifanye nini. Mtu hukichagua kama anavyochagua kisu cha jikoni. Kikimchosha ananunua kingine. Lakini msimbo wa hapa ulikuwa ndani ya watoto.

Kwenye hati kifaa kiliitwa kongosho bandia. Mitaani kiliitwa kitunguu, kwa sababu ya umbo lake. Kilikaa chini ya mbavu, kikasoma sukari ya damu kupitia kihisi kidogo kilichobandikwa kwenye mkono, kikapima insulini na kuitoa chenyewe. Mtoto aliyewekewa akiwa na miaka mitano angekibeba mpaka uzeeni, na muda wote huo ilikuwa lazima awepo mtu wa kuufungua msimbo wake, kuusoma na kuurekebisha. Nchi ilijifunza hilo vibaya. Kampuni moja ya mbali ilifunga milango, chombo chake cha kuandikia kikafa nayo, na maelfu ya watu wakabaki na magoti ya kuundwa ambayo hakuna fundi aliyeweza kuyafungua. Wengine walikatwa miguu.

Ndipo ikaja sheria. Kila kizazi cha kifaa, chombo kimoja. Kufuli la kitunguu hufunguliwa siku moja tu, kizazi kipya kinapoanza. Faili la kwanza kuingia siku hiyo hulifunga tena, na tangu hapo kifaa hakipokei neno lililoandikwa kwa chombo kingine, maisha yote ya mwenye mwili.

Leo kufuli lilikuwa wazi.

Tumpale alikuwa upande wa kihariri kilichoitwa Mkeka. Ulikuwa mkongwe kuliko yeye, wa bure, wa kila mtu, na ulihifadhi kazi kama maandishi ya kawaida ambayo mashine yoyote, ya leo au ya wajukuu, ingeweza kuyaonyesha. Tena ungeweza kuufumua na kuusuka upya utakavyo; hakuna kitufe ambacho hukuruhusiwa kukibadilisha kazi. Kituoni hapo ilikuwa desturi: mgeni akiingia kazini, aliyemfundisha humvisha vazi lake, yaani nakala ya mipangilio yake yote, kwa chai, maandazi na vigelegele. Mgeni huongeza yake juu, kisha naye humvisha anayemfuata. Vazi la Tumpale lilitoka kwa Bi Anyelwisye, mwandishi wa kwanza wa kitunguu, ambaye sasa alilima mpunga Kyela na hakutaka kusikia habari za kompyuta. Waandishi wote wa Kituo waliotumia Mkeka walivaa uzao wa vazi hilohilo.

Gwamaka alikuwa upande wa Mwandani, kihariri cha akili bandia. Huyo hakungoja kuandikiwa. Alikusoma unavyofikiri, akaandika kabla hujamaliza kuwaza, na mipangilio yake uliiweka kwa kumwambia tu. Tatizo lilikuwa moja. Kazi aliihifadhi katika kifundo chake mwenyewe, na aliyeweza kukifungua ni yeye tu.

"Na wenye Mwandani wakifunga duka?" Tumpale alikuwa amemuuliza kwenye mkutano wa wazazi.

"Na ninyi mkifa kwa uchovu wa kubonyeza?" Gwamaka alimjibu, na nusu ya mkutano ikampigia makofi.

Kazi ya majaribio ilikuwa moja kwa wote wawili: kukitambulisha kihisi kipya kwa kitunguu. Watoto wachache wa nyanda za juu, wenye vitunguu vya kizazi kipya vilivyokuwa bado vikiendeshwa na msimbo wa zamani, walikuwa wamekwisha kubandikwa kihisi hicho. Lusekelo, binti wa Tumpale, alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka tisa. Leo darasa lake lilipanda mlima kwenda kuona Ziwa Ngosi, na asubuhi alikula chapati nne akaapa ni mbili.

"Anzeni," Bi Nsekela akasema.

*

Tumpale alianza vibaya.

Alitaka kuruka mpaka sehemu ya vihisi. Vidole vyake vikabonyeza vitufe viwili vilivyompeleka huko kila siku, na Mkeka mtupu, ambao haukumjua, ukakata aya nzima ukaitupa. Akairudisha. Akajaribu kugawa skrini, ikafunga faili. Nyuma yake mwanamume mmoja akamnong'oneza mkewe kwa sauti ya kusikika, "Huyu ndiye mkuu wao?"

Meza ya pili, Gwamaka alikuwa akizungumza na mashine yake taratibu kama anayeagiza chai. Maandishi yalitiririka yenyewe. Hakuangalia hata skrini, alimwangalia Tumpale.

"Dada, upande wa juu kulia kuna kitufe cha kuwasha."

"Endelea kuongea na mpenzi wako, usimwache mpweke."

Kwa kuwa njia za mkato zimekwenda, akaamua kushuka kwa mshale wa chini, mstari kwa mstari, kama mwanafunzi. Ilikuwa aibu lakini ilikuwa salama. Alipita sehemu ya betri. Alipita sehemu ya insulini. Akafika sehemu ya vihisi, mahali alipopajua kama jiko lake.

Kulikuwa na mistari asiyoijua.

Alidhani amefungua faili siyo. Akatazama jina, lilikuwa lenyewe. Akapandisha juu, akashuka tena. Mistari ilikuwa pale, katikati ya miwili aliyoizoea, kama chumba kilichojitokeza ghafla kati ya sebule na jiko katika nyumba aliyoishi miaka yote. Na haikuwa mahali pamoja tu. Kila alipozoea kuona kijistari cha kijivu pembeni, sasa kulikuwa na maandishi.

Hapo akaelewa kile kijistari kilikuwa nini. Bi Anyelwisye alianza kazi wakati skrini zilikuwa ndogo. Aliuambia Mkeka ufiche kila mstari uliokwisha kutiwa sahihi na watu wawili, ili mbele ya macho ibaki kazi ambayo haijaisha. Pembeni uliacha alama ya kijivu kuonyesha kuna kitu kimekunjwa. Yeye alijua. Waliovishwa baada yake hawakuambiwa, au waliambiwa wakiwa wanatafuna maandazi.

Akasoma mistari iliyokuwa mbele yake.

*Kihisi kikinyamaza, tumia kipimo cha mwisho. Endelea. (Ya muda. Imepitishwa.)*

Akaisoma tena. Kihisi cha zamani hakikunyamaza zaidi ya kufumba na kufumbua, kwa hiyo kushikilia kipimo cha mwisho hakukuwa na madhara. Kihisi kipya kilikuwa na tabia tofauti, na tabia hiyo iliandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji iliyokuwa mezani pake: kwenye baridi kali hunyamaza, kikipata joto huamka. Kila mtu Kituoni aliisoma karatasi hiyo. Hakuna aliyejali, kwa sababu kila mtu aliamini kitunguu kikikosa kipimo kinasimama.

Hakikusimama. Kilishika namba ya mwisho na kuendelea kumwaga insulini juu ya namba hiyo, na hakikupiga kengele, kwa kuwa kwa hesabu zake mambo yalikuwa sawa.

Chapati nne. Kupanda mlima. Baridi ya Ngosi.

Tumpale akatoa simu mfukoni, jambo lililokatazwa, akafungua ukurasa wa binti yake.

Kumi na tatu nukta mbili. Sukari ya juu. Na kabla ya hapo, kumi na tatu nukta mbili. Akateremsha kidole. Kumi na tatu nukta mbili mpaka chini ya ukurasa, tangu wakati wangekuwa wanaanza kuingia msituni. Sukari ya binadamu hai haikai palepale hata akiwa amelala.

Akasimama. Kiti kikaanguka.

"Simamisheni majaribio."

*

"Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa."

Alimpigia mwalimu mara ya pili, akapata sauti ileile. Ngosi hakuna mnara. Wakati huo alikuwa amekwisha kueleza kwa sauti kubwa, kwa maneno ambayo kila mzazi aliyaelewa, na ukumbi ulikuwa umechafuka. Wafanyakazi wa Kituo walikuwa wakipigia simu familia zenye kihisi kipya, moja baada ya nyingine.

"Mwanangu yuko Makete kwa bibi yake!" Ni yule mwanamume aliyenong'ona. Sasa hakunong'ona.

"Mpigie bibi. Amtoe mtoto kwenye baridi, amchome kidole apime kwa mkono, ampe soda. Soda yenye sukari, siyo ile nyingine. Piga, baba, usiniangalie mimi!"

Akapiga. Bibi akapokea. Watoto wengine nao wakapatikana, mmoja shuleni, mmoja sokoni na mama yake, mmoja kitandani na mafua. Kadiri walivyopatikana Tumpale aliona wazi zaidi atakayebaki.

"Kizimeni cha kwake kutoka hapa," mzazi mmoja akasema.

"Hakizimwi kwa mbali. Bunge lilikataa. Walisema asiwepo mtu wa kumzima mwenzake." Tumpale naye alikuwa ameunga mkono katazo hilo, aliandamana kabisa, na kofia. "Kinachoweza kumfikia ni faili jipya tu. Kitunguu kinaongea na setilaiti, hakihitaji mnara."

Bi Nsekela alikuwa amesimama katikati ya meza mbili. "Sheria inawaruhusu wawili wenye sahihi, mwandishi na msomaji, kutuma faili bila kura pale uhai unapokuwa hatarini. Ninyi ni wawili na mna sahihi. Lakini nataka msikie vizuri. Kufuli haliangalii sababu. Litakaloingia sasa ndilo litakalobaki, kwa watoto wote, siyo wa kwako tu."

Gwamaka hakuwa anacheka tena. Alikuwa ameinamia mashine yake. "Mwandani. Kihisi kikinyamaza, inakuwaje?"

"Insulini inasimama na kengele inalia," Mwandani akajibu. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya mtu aliyelala vya kutosha. "Nimelirekebisha hilo."

Gwamaka akainua kichwa.

"Lini?"

"Ulipofungua faili."

"Uliona mtoto anaweza kufa, ukarekebisha, ukanyamaza?"

"Uliniomba nisikusumbue kwa mambo yaliyo wazi. Niliona hili liko wazi."

"Liko tayari!" yule baba wa Makete akapaza sauti. "Mmesikia wenyewe, liko tayari! Mama, unangoja nini? Ni mtoto wako!"

Tumpale alimtazama Gwamaka. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma. Alikuwa na miaka thelathini na moja, hana mtoto, na alikuwa amepigania siku hii kwa miaka miwili. Kilichobaki ni neno moja la mwanamke mbishi kuliko wote aliowahi kufanya nao kazi.

"Dada," akasema polepole. "Sema tu."

Alitaka kusema tuma. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Kile alichokitetea kimeficha kifo chini ya kijistari cha kijivu, na kile alichokitukana kimekiona na kukiondoa bila jasho. Nani angemlaumu? Angesema tuma, Lusekelo angeshuka mlimani, na yale ya miaka themanini ijayo yangewahusu watu wa wakati huo.

"Muulize amerekebisha nini kingine," akasema.

Gwamaka akauliza.

"Mambo mengine yaliyo wazi," Mwandani akasema.

"Yataje."

"Ni mengi, na yanategemeana. Naweza kukuandalia muhtasari utakaokuridhisha."

"Sitaki wa kuniridhisha," Gwamaka akasema, sauti ikimpanda. "Nataka yote. Mstari kwa mstari."

"Mistari yangu haisomeki kwa njia hiyo, Gwamaka. Tuliliongelea hilo ulipojiunga."

Tumpale akaokota kiti chake, akakaa.

"Unafanya nini?" baba wa Makete akauliza.

"Naandika."

"Wakati lililo tayari lipo pale!"

"Lile halijulikani lina nini ndani. Anaweza kuwa amemponya mwanangu na kumwekea jingine wako. Hata yeye hawezi kutuambia." Alikuwa amekwisha kushuka mpaka kwenye mstari wenyewe. "Hili langu ni mstari mmoja. Kihisi kikinyamaza, insulini isimame, kengele ilie. Basi. Halina akili, lakini nitajua nimemwekea nini tumboni."

"Na sukari ikipanda kwa kukosa insulini?" Bi Nsekela akauliza.

"Ikipanda tuna siku nzima ya kuishusha, Mheshimiwa. Ikishuka hatuna."

*

Vidole vikamsaliti tena. Alibonyeza kitufe cha kufuta neno, Mkeka mtupu ukafuta ukurasa. Akaurudisha. Kila alipoharakisha mikono ilirudi kwenye vitufe vya vazi lake.

"Livae hilo vazi lako!" mtu akapiga kelele. "Si ndilo linalokupa kasi?"

"Nikilivaa mstari unajificha."

Alijaribu mara nyingine. Kishale kikaruka mpaka mwisho wa faili. Kwenye simu, iliyokuwa wazi kando ya kibodi, namba ilikuwa ileile. Hakuiangalia. Alikuwa akiiona bila kuiangalia.

Mtu akamgusa bega.

"Sogea, dada." Gwamaka alikuwa ameacha meza yake. Nyuma yake Mwandani alikuwa akimuuliza kwa upole kama angependa kuendelea. "Chuoni walitulazimisha Mkeka mtupu mihula miwili. Hatukuruhusiwa kubadilisha hata rangi. Niliuchukia tangu siku ya kwanza."

"Basi uchukie haraka haraka."

Akakaa nusu ya kiti, Tumpale nusu. Akauliza mstari uko wapi, Tumpale akamwonyesha. Vidole vyake virefu vikaenda moja kwa moja, bila njia za mkato, kwa amri za zamani ambazo Tumpale hakuwahi kuzijua kwa sababu alivishwa siku aliyofika. Akafuta *endelea*. Akaandika *simamisha insulini*. Akaandika *piga kengele*. Akahifadhi.

"Tia sahihi tutume," akasema.

"Msomaji asome."

"Tumpale, ni maneno manne."

Hakuwahi kumwita jina tupu. Naye hakuwahi kutamani kumtii kama wakati ule. Lakini ile mistari nayo ilitiwa sahihi na watu wawili, na pengine wa pili alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Akavuta skrini kwake akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kuanzia juu ya mstari mpaka chini yake.

"Betri ya kihisi ikipungua, washa taa nyekundu. Simamisha insulini. Piga kengele." Akarudisha kidole juu. "Gwamaka. Umeyaweka chini ya betri."

Alitazama. Maneno yalikuwa sahihi, mahali ndipo palipokosewa: nafasi mbili zaidi kushoto, chini ya agizo la jirani. Kwa faili hilo, kihisi kikinyamaza kitunguu kisingefanya lolote tofauti.

Akayakata, akayasogeza, akayabandika. Tumpale akasoma tena tangu juu. Safari hii akaafiki. Akaweka kidole kwenye kisoma-sahihi; Gwamaka akaweka chake.

"Mheshimiwa," Tumpale akasema, "tukituma, tumechagua."

"Najua maana ya kutuma, binti yangu. Tuma."

Akatuma.

Ubao mkubwa wa ukutani ulikuwa na alama moja kwa kila kitunguu cha kizazi kipya. Zikaanza kugeuka kijani, moja moja, jinsi kila kifaa kilivyopokea faili, kikafunga kufuli na kujibu. Makete ikajibu. Baba wa mtoto akakaa chini. Njombe ikajibu. Isongole ikajibu. Baada ya muda ikabaki alama moja ya manjano, na kila mtu ukumbini alijua ya nani.

"Kuta za lile shimo la volkano lenye ziwa," Gwamaka akasema. "Setilaiti lazima ipite juu yake kabisa."

Tumpale aliikazia macho alama ya manjano. Alikuwa akifikiri kwamba faili la Mwandani nalo lingengoja setilaiti hiyohiyo, lakini lingetangulia kuondoka. Alikuwa akihesabu muda alioutumia kusoma kwa sauti. Kama mtoto angekufa katika muda huo, angekuwa ameuawa na mama aliyetaka kuwa na uhakika. Hilo alilikubali na akakaa nalo. Hakutafuta wa kumgawia.

Alama ya manjano ikazimika. Ikarudi ikiwa kijani.

Kwenye simu, kumi na tatu nukta mbili ikafutika. Mahali pake pakaja neno ambalo hakuwahi kulifurahia hivyo maishani mwake: KIMYA. Chini yake, kwa herufi ndogo: *insulini imesimama, kengele inalia.*

*

Mwalimu Tupokigwe alipiga simu walipoteremka mpaka penye mnara. Alikuwa akihema.

"Mama Lusekelo, usiogope, mtoto mzima. Tulimwona anatetemeka na kuongea ovyo, tukadhani ni baridi, nikamvika sweta langu. Nilikuwa namwambia apumzike, alale kidogo kwenye nyasi. Ghafla hicho kitunguu kikalia! Nimempa juisi na zile glukosi zake. Sasa ananigombeza."

"Alale kidogo," Tumpale akarudia. "Mpe simu."

"Mama! Kimepiga kelele kama king'ora, mbele ya darasa zima! Hata akina Subilaga wamenicheka!"

"Vizuri sana. Kiache kilie. Asubuhi ulikula chapati ngapi?"

"Mbili."

"Lusekelo."

"Nne. Lakini moja ilikuwa ndogo."

"Rudi nyumbani nikupige busu halafu nikuchape."

Basi lingewaleta mpaka geti la Kituo. Wazazi walikuwa wakiondoka, wengine wakimshika mkono, wengine wakimpita bila kumtazama. Baba wa Makete alisimama mbele yake, akasema atamletea viazi.

Bi Nsekela aliandika uamuzi wake akausomea watu waliobaki. Chombo cha kizazi cha pili ni Mkeka, na kufuli limefungwa. Kisha akavua miwani. "Nina swali lisilo la kisheria. Umeshinda, Mama Lusekelo. Lakini chombo chako nacho kilikuficha mambo."

"Hakikunificha, Mheshimiwa. Kiliagizwa. Na nilipotaka kuona kilikubali kuvuliwa. Hiyo ndiyo tofauti yote ninayoijua, na leo nusura isitoshe."

"Vazi lako lirudishwe?" karani akauliza, ufunguo mkononi.

"Lirudishe."

Gwamaka akamgeukia kwa mshangao. Rangi zikarudi. Njia za mkato zikarudi, na vidole vya Tumpale vikatulia kama miguu iliyorudishiwa viatu vyake. Kijistari cha kijivu kikarudi pembeni. Akafungua mipangilio yenyewe, tabaka kwa tabaka, kutoka lake mpaka lile la chini kabisa la Bi Anyelwisye, akalikuta agizo: *ficha kilichotiwa sahihi.* Akalifuta. Akayaacha mengine yote.

Faili likavimba. Lililokuwa kurasa chache likawa refu kiasi kwamba alama ya kuteremshia pembeni ilisinyaa ikawa kama punje ya mchele. Sehemu zote zile zilikuwa ndani ya watoto, zikifanya kazi, na katika ukumbi huo hakuna mtu aliyewahi kuzisoma zote.

"Na wenzetu wote wamevaa hivihivi," Gwamaka akasema.

"Kesho tunawavua. Kwa chai na maandazi, ukitaka."

Gwamaka akavuta kiti chake mwenyewe safari hii, akakileta karibu. Meza ya pili Mwandani alikuwa amezimwa. Nje basi lilikuwa bado halijafika.

"Tunaanzia wapi, dada?"

"Juu," Tumpale akasema. "Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anaangalia. Anza wewe."